Njia ya Habari Isiyopita kwa Mtendaji

Ndugu wajumbe wa bodi, makatibu wa kampuni, na ninyi wakaguzi mliokaa nyuma, karibuni.

Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64. Mwaka 1999 bodi yake iliketi, ikaamua kwamba kanuni hizo zisimbane mtu mmoja: ofisa mkuu wa fedha, Andrew Fastow. Akaruhusiwa kuendesha ubia wa pembeni uliofanya biashara na kampuni ileile aliyokuwa akiitunzia fedha. Desemba 2001 Enron ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Ruhusa ile haikutolewa kichochoroni. Iliandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Bodi iliahidiwa kwamba maofisa wengine wangepitia kila muamala na kamati ya ukaguzi ingeutazama, lakini mapitio yenyewe yakawa ya juujuu. Ndiyo maana leo sitazungumzia kanuni; kanuni mnazo. Nataka kila bodi ijiulize: ni habari zipi zinazotufikia bila kupita mikononi mwa mkurugenzi mtendaji? Bodi hukutana mara chache kwa mwaka, na makabrasha inayosoma huandaliwa na watu walewale inaotakiwa kuwasimamia.

Njia ya kwanza ni mkaguzi wa ndani, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2002, katika kampuni ya simu ya WorldCom, Cynthia Cooper na timu yake ya ukaguzi wa ndani waligundua kwamba gharama za kukodi laini zilikuwa zikiandikwa kama mali badala ya matumizi, hivyo faida ikavimba. Ofisa mkuu wa fedha alimtaka aahirishe ukaguzi huo. Cooper alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, na Juni mwaka huo kampuni ikatangaza kasoro ya dola bilioni 3.8. Mlango ulikuwapo, naye akautumia.

Mlango huo hujengwa hivi. Kamati ya ukaguzi ndiyo imteue mkaguzi wa ndani, imwondoe, na iidhinishe mshahara na bajeti yake. Ikutane naye faraghani kila robo mwaka, watendaji wote wakiwa nje. Kosa ninaloliona kubwa ni kukiweka kikao hicho mwisho wa ajenda, dakika tano, watu wakikusanya mikoba. Kiwekeni mwanzoni, nusu saa, kila kikao bila kuruka. Mkikiitisha siku ya tatizo tu, jengo zima litajua nani kasema.

Muulizeni maswali yanayojibika. Ripoti gani ilibadilishwa baada ya menejimenti kuisoma, na nini kiliondolewa? Nyaraka gani uliomba ukacheleweshewa? Mapendekezo mangapi yamepitwa na tarehe ya utekelezaji, na tarehe hiyo imesogezwa mara ngapi? Swali hilo la mwisho hufichua mengi, kwa sababu hoja inayosogezwa mara tatu kwa kawaida ina mtu mkubwa nyuma yake.

Kwa mkaguzi wa nje, uhuru wake mnaujua. Mwongezeeni swali moja tu: uthibitisho wa salio la benki ulitoka benki kuja kwenu moja kwa moja? Mwaka 2020 Wirecard ya Ujerumani ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa kwenye vitabu vyake huenda hazikuwapo kabisa. Karatasi za kuthibitisha zilikuwapo. Zilikuwa za kughushi.

Sasa mgongano wa maslahi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 24 kinataka kampuni inapofanya biashara na watu au kampuni zenye uhusiano nayo ieleze uhusiano huo, kiasi cha muamala, salio na masharti. Lakini mara nyingi fomu ya tamko la maslahi hujazwa mara moja kwa mwaka kwa kunakili ya mwaka jana. Katibu wa kampuni asiishie kuipokea. Alinganishe orodha ya wazabuni na matamko ya wajumbe na orodha ya mishahara, akitazama namba za akaunti, namba za simu na anwani, kwa maana jina hubadilishwa kirahisi. Atazame pia malipo yaliyokatwa vipande: kama kiasi cha juu ambacho ofisa anaweza kuidhinisha peke yake ni 100, tafuta ankara za 95 hadi 99 kwa mzabuni mmoja ndani ya wiki chache. Na mjumbe mwenye maslahi atoke chumbani kabla mjadala haujaanza. Kutopiga kura hakutoshi, maana uso wake pekee unatosha kuwanyamazisha wenzake. Muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Mwisho, namba ya simu ya watoa taarifa za ulaghai. Tafiti za chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai huonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya ulaghai hugunduliwa kwa kudokezwa, na wadokezi wengi ni wafanyakazi. Kampuni yenye watu elfu mbili isiyopokea simu hata moja kwa mwaka isijipongeze. Ichunguze kwa nini watu wanaogopa. Mwenyekiti wa kamati apange mtu apige simu ya majaribio, kisha ahesabu siku hadi taarifa imfikie, na aulize imepitia kwa nani. Ikibainika ilisomwa kwanza na mtendaji yeyote, namba hiyo ihamishiwe kwa wakala wa nje anayeripoti kwa kamati pekee, na wafanyakazi waelezwe mabadiliko hayo kwa maandishi.