Taco za Samaki na Neno Ambalo Bibi Hakulisema

NEEMA: Haya, karibuni tena. Mimi Neema, na huyu hapa mkono wangu wa kulia ameanza kucheka hata sijasema kitu.

IDI: Sicheki. Nimejizuia tangu uliponitumia ule ujumbe Jumanne usiku.

NEEMA: Wasikilizaji hawajui ni ujumbe gani.

IDI: Basi waambie. Mimi nimekuja na karatasi yangu, mambo matano ya kukusaidia kupika taco za samaki, kile chakula cha Meksiko cha kukunjia samaki ndani ya chapati nyembamba, ndani ya nusu saa siku ya kazi. Nimeyapanga vizuri. Ila hatuwezi kuanzia kwenye karatasi. Anzia kwa mama mkwe.

NEEMA: Jumanne mama mkwe alikuja kututembelea. Nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, nimechoka, namkuta sebuleni na chai yake. Chakula nilishakipanga: samaki, kabichi, tortilla zenyewe, yaani zile chapati nyembamba za mahindi, basi. Mwanangu, yule wa maswali mnayemjua, sasa ana miaka sita, akanifuata jikoni. Mama, leo tunakula nini? Nikamwambia, taco. Akatoka mbio hadi sebuleni: "Bibi! Bibi! Leo mama anatupikia matako!"

IDI: [anacheka] Samahani. Endelea.

NEEMA: Nikasikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani. Taratibu, ka! Halafu kimya. Halafu bibi, kwa sauti ya upole kabisa: "Anatupikia nini, mjukuu wangu?" Na mtoto akadhani bibi hajasikia vizuri. Akarudia kwa nguvu zaidi.

IDI: Mimi namtetea mtoto. Sarufi yake imenyooka! Neno geni likiingia kwetu, likawa kitu cha kuhesabika, mara nyingi tunalivisha ma-. Koti, makoti. Shati, mashati. Gari, magari. Hakuna aliyemfundisha, amelijua kwa sikio. Kwa hiyo kama moja ni taco, mbili ni...

NEEMA: Usimalizie.

IDI: Simalizii.

NEEMA: Mimi nalipeleka kwenye kundi la pizza. Pizza hii, pizza hizi. Taco hii, taco hizi. Ma- haina nafasi hapo.

IDI: Bado umoja wake una mtihani. Mtu akisema nipe tako moja la samaki...

NEEMA: Moja YA samaki! Hiyo "ya" ndiyo inayokuokoa. Ukiteleza tu ukasema "la", umeingia kwingine.

IDI: Na ukilifanya dogo ndiyo mbaya zaidi. Kitako.

NEEMA: Hapana, kitako ni neno la heshima. Karibu, kaa kitako. Kitako cha chupa. Kitako cha bunduki.

IDI: Bunduki! Ngoja, hapo umenigusa, maana nililifuatilia hili neno. Kwa Kihispania taco asili yake ni kizibo, kitu unachokishindilia mahali. Hata kile kitambaa cha kushindilia baruti kwenye mtutu wa bunduki za zamani kiliitwa hivyo hivyo. Yupo mwanahistoria, Jeffrey Pilcher, anayelihusisha jina la chakula na migodi ya fedha ya Meksiko, karne ya 18. Wachimbaji walikuwa wanafungia baruti kwenye karatasi, wanaichomeka kwenye tundu la mwamba, wanalipua. Kile kifurushi cha karatasi ndiyo taco.

NEEMA: Kitu kimefungwa ndani ya kitu chembamba.

IDI: Umeona? Na Hispania kwenyewe, mtu akisema fulani ametoa taco, maana yake fulani ametukana.

NEEMA: Usinitanie.

IDI: Ni maana mojawapo ya neno hilo kule. Na Japani tako ni pweza. Kwa hiyo neno hili linasumbua bahari zote, si kwa bibi peke yake.

NEEMA: Kaka Idi, dakika ngapi zimepita?

IDI: Nyingi. Haya, karatasi. Jambo la kwanza ni kukausha samaki.

NEEMA: Hapo nina la kusema, maana Jumanne hiyohiyo ndipo yaliponikuta. Saa moja asubuhi kabla sijatoka niliweka minofu ya samaki kwenye bakuli, nikaikamulia ndimu nne, nikaifunika, nikaiweka kwenye friji. Nikasema nikirudi ni kukaanga tu. Jioni nafunua, samaki amekuwa mweupe pe, kama amekwisha kupikwa. Namshika, anachanika vidoleni. Namweka kikaangoni, anatoa maji, maji yanachemka, nasikia bwata bwata badala ya chwaa. Hakupata rangi kabisa. Nikamwokota vipande vipande, nikavitia kwenye tortilla hivyo hivyo kwa sababu watu walikuwa na njaa.

IDI: Pole.

NEEMA: Alhamisi nikarudia. Safari hii sikumgusisha tone la ndimu. Minofu nusu kilo, unene kama sentimita mbili. Nikamkausha kwa taulo ya karatasi pande zote, nikabadilisha taulo, nikamkausha tena. Hapo ndipo viungo vikaingia: kijiko cha chai cha jira, kimoja cha paprika, nusu ya unga wa kitunguu saumu, nusu ya chumvi, na pilipili ya unga kidogo kwa ajili ya mtoto. Kikaango kikapata moto kwanza, ndiyo mafuta, ndiyo samaki. Na nikaacha mkono! Sikumsogeza. Ukimtazama kwa ubavuni unaona weupe unapanda kutoka chini, unapanda, unapanda. Ulipovuka nusu nikaingiza mwiko, akajiachia mwenyewe. Upande wa chini kahawia, mkavu, unanukia jira. Dakika tatu upande mmoja, mbili upande wa pili.

IDI: Ndani alikuwa ameiva?

NEEMA: Ukimbonyeza kwa uma anaachana tabaka kwa tabaka, na tabaka halipitishi tena mwanga kama kioo. Mwenye kipimajoto cha jikoni, nyuzi 63 katikati zinatosha.

IDI: Na sababu ya kukausha ni hii: maji hayavuki nyuzi 100 mpaka yaishe, na ile rangi ya kahawia inataka kama 140 kwenda juu. Samaki akiwa na maji juu, moto wako wote unaishia kukausha maji.

NEEMA: Ndiyo maana nasema ndimu kabla ya moto, hapana. Ndimu iwe mezani.

IDI: Hapo sasa tunaachana.

NEEMA: Tunaachana vipi, na mimi nimekuletea ushahidi?

IDI: Ushahidi wako ni wa samaki aliyekaa kwenye ndimu kwa muda wa saa kumi na moja na nusu, dada Neema! Hiyo siyo kuonjesha ndimu, huyo umemfanya ceviche. Peru wanamla hivyo hivyo bila kumpitisha motoni, kwa sababu tindikali inaikaza nyama kama moto unavyoikaza. Mimi nasema dakika kumi. Ndimu na chumvi, dakika kumi tu ukitazama saa, halafu unamkausha kwa taulo kama ulivyofanya wewe.

NEEMA: Dakika kumi za nini?

IDI: Za kukata shombo. Ile harufu ni trimethilamini, inajitengeneza samaki anapokaa. Ikikutana na tindikali inageuka chumvi, haipai tena kuja puani. Hiyo ni kemia, si mazoea.

NEEMA: Kemia naikubali. Ila samaki mzuri hana shombo la kukatwa. Mwenye shombo usimnunue.

IDI: Hapo unamwonea mtu wa siku ya kazi. Anatoka kazini usiku, anachomoa samaki wa kwenye friza, ameganda tangu mwezi uliopita. Huyo si mbovu, ila ana kaharufu kake. Unataka amtupe?

NEEMA: Ampake viungo, ampe moto wa kutosha, amkamulie ndimu akishaiva. Tindikali yako ya kuua shombo si ipo palepale kwenye ndimu ya mezani?

IDI: Ya mezani inafika nyumba imeshanuka.

NEEMA: Afungue dirisha.

IDI: Hilo siyo jibu.

NEEMA: Na hili je? Ndimu ya dakika kumi inafika juu juu tu. Kisha unamkausha kwa taulo, ladha yote ya ndimu inabaki kwenye taulo. Umempotezea mtu ndimu na dakika kumi, na kwenye nusu saa dakika kumi ni nyingi.

IDI: Dakika kumi hizo ndizo anakata kabichi! Hakuna kilichopotea. Na hiyo juu juu ndipo shombo lilipo.

NEEMA: Mimi sijashawishika.

IDI: Wala mimi.

NEEMA: Nimemwona samaki mwenyewe, kaka Idi. Nimemshika kwa mikono yangu.

IDI: Na mimi nakaanga kila wiki na hajawahi kunichanika hata mara moja.

NEEMA: ...

IDI: ...

NEEMA: Twende jambo la pili, maana hapa tutalala.

IDI: La pili ni tortilla. Kwa nini tortilla ya mahindi inakunjika bila kukatika, na ukikanda unga wa mahindi wa kawaida inapasuka? Kwa sababu mahindi ya tortilla yamechemshwa na maji ya chokaa kabla ya kusagwa. Watu wa Meksiko ya kale waliijua kazi hiyo maelfu ya miaka iliyopita. Chokaa inalegeza ganda na kuta za punje, donge linashikana. Na inafungua niasini, vitamini iliyojifungia ndani ya mahindi. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ujuzi ule, watu walioyategemea peke yake wakapata ugonjwa wa pelagra.

NEEMA: Hilo ni zito. Ungeanza nalo.

IDI: Ningeanzaje, na bibi yuko sebuleni na kikombe?

NEEMA: Fundi wa sauti ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu!

IDI: Bado mambo matatu na nusu. Jinsi ya kupasha tortilla, kabichi, sosi, na ile ya Baja California, kule Meksiko, samaki wa kuzamishwa kwenye rojo la unga akakaangwa kwenye mafuta mengi. Mji wa Ensenada wa kulekule wanamsifia sana huyo. Nilitaka tufike mpaka San Diego, Marekani, mwaka 1983, Ralph Rubio alipofungua kibanda chake akawazoesha Wamarekani taco za samaki.

NEEMA: Hatufiki San Diego leo. Wape kabichi.

IDI: Kabichi ikatwe nyembamba sana, chumvi, ndimu...

NEEMA: Ndimu hapo sawa.

IDI: Asante. Kotimiri, uifinye finye kwa mkono mpaka ilainike kidogo. Ilie kidogo meno yakigusa, usiiue. Tortilla, kikaango kikavu, nusu dakika kila upande, ukitoa uifunike na kitambaa safi ili mvuke uilainishe.

NEEMA: Sosi ni mayonezi vijiko vitatu, mtindi mzito vijiko vitatu, maji ya nusu ndimu, chumvi. Sosi ina mengi ya kusema, nilikuwa na maoni makali kabisa juu ya mayonezi, ila basi.

IDI: Hujatuambia bibi alikula au hakula.

NEEMA: Alikula! Za Jumanne, zile za samaki aliyechanika. Mwanzoni aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akatazama huku na huku. Akaumwa kidogo pembeni. Akanyamaza. Akamaliza, akachukua ya pili. Halafu akanisogezea sahani, akasema, "Mwanangu, niongezee..." akakwama.

IDI: Akakwama wapi?

NEEMA: Hapohapo! Akatazama dari. Akasema, "Niongezee hicho cha samaki." Na mtoto mdomo wazi, anataka kumsaidia bibi yake jina.

IDI: Umesema "akaumwa" pembeni.

NEEMA: Akauma, akauma pembeni. Unanisikiliza maneno wakati muda umekwisha.

IDI: Kwa hiyo bibi hakulisema.

NEEMA: Hakulisema mpaka anaondoka. Ila mlangoni aliniuliza, hivyo vitu unapika siku gani tena? Nikamwambia Alhamisi. Na Alhamisi alikuja, akala wale wa kahawia, wasio na ndimu.

IDI: Akasema wepi watamu?

NEEMA: Hao wa Alhamisi, bila shaka.

IDI: Hakuonja wa dakika kumi. Nampelekea mimi mwenyewe, sahani nzima. Nitamwambia mama, nimekuletea matano...

NEEMA: Tano! Taco tano!

IDI: Tano ya samaki au tano za samaki?

NEEMA: Fundi, zima. Zima mitambo.