Kerneli mpya, mashine pepe imegoma: usifute kitu kwanza

Haya jamani tuanze. Nani hapa alishaapdeti Linux usiku, asubuhi anafungua VirtualBox, ile programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, anakuta mashine haiwaki? Ona mikono hiyo. Mimi mara ya kwanza nilifuta programu yote nikaiweka upya, mara mbili, tatizo palepale, kumbe namtibu asiyeumwa.

Mashine yako iko salama, faili lile la .vdi, ndiyo diski yake, hakuna aliyeligusa. Kilichogoma ni vboxdrv, moduli, yaani kipande cha programu kinachokaa ndani ya kerneli, kiini cha Linux, na hiyo hushonwa kwa mwili wa kerneli moja tu, ikija nyingine hata kama namba imebadilika pale mwishoni basi nguo haivaliki, ishonwe upya. Fundi wake, kama VirtualBox uliiweka kutoka Ubuntu yenyewe, ni programu iitwayo DKMS, akiona kerneli mpya anashona mwenyewe kimyakimya, ila fundi bila vipimo atashona nini? Vipimo ndio heda, faili zinazoeleza umbo la kerneli. Piga uname -r, tuseme inakuletea 6.8.0-45-generic, basi kwenye Ubuntu unatakiwa uwe na linux-headers-6.8.0-45-generic, herufi kwa herufi, halafu, kama VirtualBox yako ni ile ya Oracle, sudo /sbin/vboxconfig.

Ikigoma tena soma /var/log/vbox-setup.log, na utafute kosa la kwanza, yale ya chini mara nyingi ni kelele tu.

Sasa kuna hii ya Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, inayowatesa wengi: moduli imeshonwa vizuri kabisa lakini mlinzi wa getini anaikataa kwa sababu haina sahihi anayoitambua. Unasajili ufunguo kwa mokutil --import, unaristati, inakuja skrini ya bluu, na hapo ndo watu wanashtuka wanabonyeza Enter fasta, kompyuta inaendelea kuwaka na ufunguo haujaingia! Tulia, chagua Enroll MOK.

Na kuanzia kerneli 6.12, KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, inakalia VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, mara tu inapopakiwa, VirtualBox ikija inaweza kuambiwa kiti kina mtu, unaona VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Piga sudo modprobe -r kvm_intel, au ukitaka iwe ya kudumu weka kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye GRUB, ile programu inayoiwasha Linux.

Una kazi ya haraka? Ristati, kwenye menyu ya GRUB ingia Advanced options, chagua kerneli ya jana, piga kazi, mengine baadaye.

Eeh, wewe wa nyuma. VMware, ile programu nyingine ya mashine pepe? Nayo vilevile, moduli zake ni vmmon na vmnet, jaribu sudo vmware-modconfig --console --install-all.