Nani Atashika Daftari? Mhadhara kwa wafugaji wa Tabora

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, akina mama wafugaji, vijana mliotoka Igunga, Nzega, Urambo na Sikonge: mwangaluka.

Mmenialika niseme juu ya kuendesha chama cha wazalishaji wa mifugo ngazi ya mkoa. Nilipomwambia katibu wenu kwamba mfano wangu utakuwa farasi wa mbio, alicheka, na ana haki ya kucheka. Wengi wetu hapa Tabora farasi tumemwona kwenye picha. Miombo yetu ina mbung'o, na mbung'o anabeba ugonjwa wa nagana. Juu ya hapo kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na visubi. Ukiingia kwenye banda unaweza kuua tisa kati ya kumi. Yule msafiri Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja huku Kwihara alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Wote walikufa hata ukanda wa pwani hawajauacha. Mizigo yake ililetwa na mabega ya wapagazi.

Nimemchagua farasi hata hivyo, kwa sababu sijui mnyama mwingine ambaye wenyewe wamemwekea rekodi za ukoo kwa muda mrefu na kwa ukali kiasi kile. Na mimi nadhani shida yetu kubwa hapa ni rekodi. Mbegu nzuri tunazo.

Nendeni mnada wa Igunga. Mtu ameshika kamba ya dume jekundu, nundu imesimama, anakwambia huyu ni Borani, baba yake alitoka ranchi. Mnunuzi anamfungua mdomo atazame meno, anamzunguka, anavuta ngozi ya shingo. Ranchi ipi? "Ranchi." Mama yake je? "Yupo nyumbani, ana maziwa huyo!" Basi. Hapo mazungumzo yanarudi kwenye nyama, maana nyama ndiyo pekee inayoonekana kwa macho. Dume aliyetunzwa vizazi vitatu anauzwa kwa bei ya dume wa kuchinjwa, na aliyemtunza anarudi nyumbani akiapa hatarudia upuuzi huo.

Waingereza walikuwa na ugomvi wa namna hiyohiyo kwenye farasi. Mwaka 1791 familia ya Weatherby ilianza kuchapa kitabu cha nasaba za farasi wa mbio, General Stud Book, na familia hiyo bado inakishika hadi leo. Farasi anayeitwa Thoroughbred ni yule tu ambaye wazazi wake wamo kwenye kitabu hicho, au kwenye vitabu vya nchi nyingine vinavyotambuliwa. Anaweza kuwa na mbio za upepo. Kama hayumo, hayumo. Ukifuata mababa wote kurudi nyuma, baba kwa baba, unafika kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki: Byerley Turk miaka ya 1680, Darley Arabian aliyenunuliwa Aleppo na kufika mwaka 1704, na Godolphin Arabian karibu na 1730. Huyo wa katikati peke yake ndiye babu wa upande wa baba wa karibu farasi wote wa mbio walioko duniani sasa.

Sasa kazi yenyewe inafanyikaje? Hapa nitakaa kidogo.

Mwenye dume anaandika kila jike aliyepandwa na tarehe zake, na msimu ukiisha anapeleka orodha nzima kwa mshika kitabu. Haulizwi akipenda. Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja hivi. Mtoto akizaliwa, mwenye jike naye anapeleka taarifa yake. Kwa hiyo zinafika karatasi mbili, kutoka kwa watu wawili ambao kila mmoja ana masilahi yake, na ofisi inazilinganisha. Kisha anakuja daktari wa mifugo. Anang'oa nywele chache za shingo, lazima zitoke na mizizi, maana vinasaba vya kupima viko kwenye mzizi. Anaweka kidude cha utambulisho chini ya ngozi ya shingo. Halafu anachora. Kuna fomu yenye mchoro wa farasi pande zote, na daktari anaonyesha kila doa jeupe, kila mguu wenye soksi, na kila mahali manyoya yanapojizungusha, kama kisogoni mwa mtoto mchanga. Mizunguko hiyo haiwi sawa kwa farasi wawili. Maabara ikisema baba si yule aliyeandikwa, mtoto haandikishwi mpaka ukweli upatikane.

Katibu wa chama cha mkoa ndiye anayeishi na mambo haya. Msidhani anakaa uwanjani kapiga suti. Muda wake mwingi unaishia kuwafuata watu waliochelewesha fomu. Vitabu vingi vimeweka ada inayopanda kadiri unavyochelewa, na mimi naona ni busara, maana inamwondolea katibu lawama: hagombani na jirani yake, kanuni ndiyo inayogomba.

Mtasema ukali wote huo wa nini. Mwaka 1844, kwenye mbio za Derby kule Epsom, Uingereza, ambazo ni za farasi wa miaka mitatu tu, alishinda farasi aliyeandikishwa kwa jina la Running Rein. Mwenye farasi wa pili, Orlando, akaweka pingamizi. Kesi ikaenda mahakamani, jaji akataka farasi mwenyewe aletwe akaguliwe. Farasi hakuletwa, amepotea! Ikadhihirika kwamba alikuwa farasi mwingine kabisa, Maccabeus, mwenye miaka minne, na ushindi akapewa Orlando. Kwa mnyama anayekua, mwaka mmoja ni nguvu nyingi. Ndiyo maana hata siku ya kuzaliwa wameifunga kwa kanuni: huko kaskazini mwa dunia farasi wote hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, na Afrika Kusini ni tarehe 1 Agosti. Fikiri mtoto amezaliwa Afrika Kusini tarehe 30 Julai usiku. Keshokutwa yake anahesabiwa ana mwaka mzima. Mwenyewe atakuwa na hamu gani ya kuandika kwamba alizaliwa Agosti! Katibu anayelegeza hapo kwa sababu mwenye farasi ni mjumbe wa kamati, amekiua chama.

Lakini kitabu nacho kinaweza kugeuka silaha, na hili wanaokisifu hupenda kuliruka. Marekani ilipopiga vita kamari mwanzoni mwa karne iliyopita, mbio zikasimama New York, na wenye farasi wakaanza kuwapeleka Uingereza. Waingereza wakaogopa soko lao. Mwaka 1913 wakapitisha kanuni kwamba farasi ambaye hata babu yake mmoja hayumo kwenye vitabu vya awali vya Uingereza hataandikishwa. Ilisemwa ni kulinda damu. Mwaka uliofuata Derby ikachukuliwa na Durbar, farasi kutoka Ufaransa ambaye kwa kanuni hiyo hakuwa Thoroughbred. Ilichukua hadi 1949 kuilegeza, baada ya farasi wengine wa aina hiyo kuendelea kuwashinda nyumbani kwao. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano wenu akasema tuwazuie ng'ombe wa wilaya fulani kwa sababu si safi, mwulizeni kwanza yeye anauza nini.

Kuna kanuni moja ya farasi ambayo sisi hatutaifuata, ila sababu yake mnapaswa kuijua. Thoroughbred haruhusiwi kupatikana kwa uhimilishaji. Lazima dume na jike wakutane. Ukiuliza wataalamu watakupa sababu kadhaa, ila ninayoiona nzito ni hii: jike akilazimika kusafiri, dume wa karibu anabaki na wateja. Mbegu ingeruhusiwa kusafirishwa kwenye mtungi, madume watano maarufu wangepanda dunia nzima, na mfugaji wa mkoani mwenye dume mzuri wa wastani angefunga zizi. Sisi tunahitaji mbegu ya kituo cha uhimilishaji cha Usa River, na sitaki mtu hapa aseme nimeipinga. Ila kumbukeni hatari yake, pamoja na ile tuliyonayo tayari: dume mmoja wa kijiji anayepanda mama, kisha binti, kisha mjukuu, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Hata wenye farasi hawajalimaliza hilo. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani, chama kinachoshika kitabu cha nasaba cha huko, ilitangaza kwamba madume watakaozaliwa kuanzia mwaka huo wasipandishe zaidi ya majike 140 kwa mwaka, ili damu isijae ya wachache. Mashamba makubwa yakaenda mahakamani, wanasiasa wa Kentucky wakaingia kati, na Februari 2022 kanuni ikafutwa. Mimi nasema chama kilishindwa pale. Wakubwa walikuwa na madume, na kanuni haikusimama mbele yao.

Sasa chama cha mkoa kinampa nini mwanachama, mbali na fomu? Jimbo la New York lilianzisha mpango wake mwaka 1973. Sehemu ya fedha za kamari za mbio inaingia kwenye mfuko, na farasi aliyezaliwa jimboni akifanya vizuri, aliyemzalisha analipwa, hata kama alishamuuza zamani. Sikilizeni hapo: anayelipwa ni mzalishaji, si mwenye farasi peke yake. Mwaka 2003 Funny Cide akawa farasi wa kwanza aliyezaliwa New York kushinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani. Wenyewe walikuwa kikundi cha marafiki waliochangishana, waliofika uwanjani kwa basi la njano la shule. Na Funny Cide alikuwa amehasiwa, kwa hiyo hakuna mbegu ya kuuza baadaye. Kwa mnyama kama huyo, mzalishaji asingepata chochote tena bila mfuko ule.

Sisi hatuna kamari ya ng'ombe, na tusiwe nayo. Lakini kanuni ya mzalishaji kurudishiwa kitu inawezekana hapa: mnunuzi wa mtamba aliyeandikishwa alipe kiasi kidogo cha hati, na nusu ya kiasi hicho imrudie aliyemzalisha.

Mtaniambia hereni zipo, na Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010 ipo. Ni kweli, tena ni msingi mzuri. Hereni inasema ng'ombe huyu ni wa nani na ametoka wapi. Haisemi baba yake nani. Namba hiyohiyo ya hereni iandikwe kwenye daftari la chama, mbele yake mama, baba na tarehe, na sahihi ya shahidi asiye wa nyumba hiyo. Mambo ya rangi, kimo na maziwa yasubiri. Na mkihimilisha, ule mrija mdogo wa mbegu una namba ya dume imechapwa ubavuni. Mtaalamu akimaliza huutupa kwenye majani. Mwombeni. Ufungeni kwa utepe kwenye ukurasa wa ng'ombe yule.

Nina dakika chache za maswali. Mzee wa Sikonge ameuliza habari za punda. Mzee wangu, punda anastahili daftari kuliko unavyodhani; anabeba mimba mwaka mzima, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi zake kwa miaka 15 kwa sababu walikuwa wanaisha. Anzeni na ng'ombe, punda afuate.

Dada wa Nzega ameuliza daftari ashike nani. Asishike mwenyekiti. Asishike mwenye madume wengi. Ashike mtu mwenye mwandiko unaosomeka, alipwe posho hata kama ni ndogo, na nakala ikae kwa afisa mifugo wa halmashauri. Siku ya mkutano mkuu daftari liwekwe mezani wazi kuanzia asubuhi, kabla ya chai, na yeyote aruhusiwe kufungua ukurasa wa mwenzake. Watakaokasirika mtawajua hapo.

Fomu za mfano ziko kwa katibu pale mlangoni. Aliyezaliwa ndama kwake mwezi huu achukue mbili, moja yake na moja ya mwenye dume.