Nyumba ya Truus Schröder: kuta zinazosogea

Asante, Mwenyekiti. Naanza na ramani ya nyumba hii, iliyoombewa kibali cha ujenzi mjini Utrecht, Uholanzi, mwaka 1924. Ghorofa ya juu haikuwa na kuta za kudumu, na kanuni za ujenzi zisingeikubali. Basi ikaandikwa kuwa ni stoo ya darini, kibali kikatoka.

Mwenye nyumba, Truus Schröder, alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mchoraji wa ramani, Gerrit Rietveld, alikuwa seremala wa samani ambaye hajawahi kujenga nyumba nzima. Wengi husimulia kana kwamba mama yule alitoa fedha tu akakaa pembeni. Sikubaliani nao. Aliyetaka kuta za juu ziondolewe ni yeye, na aliyetaka pawe na namna ya kuzirudisha pia ni yeye.

Hebu tupande juu. Asubuhi unasukuma kuta za mbao kwenye reli zake, unapata ukumbi mmoja unaozunguka ngazi. Usiku unazivuta: mvulana huku, wasichana kule, mama kwake. Chakula kinapanda kutoka jikoni kwa kilifti kidogo hadi karibu na meza. Na pale mezani, fungua madirisha mawili yanayokutana. Nguzo hakuna! Kona yote imeondoka, umebaki na hewa.

Kwenye picha mtadhani ni zege tupu. Kuta nyingi ni matofali yaliyopigwa lipu. Zege iko kwenye msingi na vibaraza. Nawaambia hasa ninyi wanafunzi mnaodhani usasa ni kumwaga zege.

Rangi zake, nyekundu, buluu na njano, zimeigwa sana, na kwangu hilo ni jambo dogo. Kilichoenea ni wazo kwamba chumba hakifungwi na kazi moja. Schröder na Rietveld walilipeleka mbele mwaka 1931, kwenye safu ya nyumba za Erasmuslaan, ng'ambo ya barabara. Msanifu wa leo anayeweka ukuta wa kukunja katikati ya fleti finyu anapiga hesabu ileile, ajue asijue.

Bi Schröder aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985, akiibadilisha kadiri maisha yalivyobadilika. Ukarabati ukairudisha kwenye sura ya miaka ya 1920, na mwaka 2000 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mimi ningeyaacha baadhi ya mabadiliko yake. Kuta bado zinasogezwa, ila sasa anayezisogeza ni mwongoza wageni.