Divisheni ya 76: Walinzi wa Pwani ya Norfolk

Mabibi na mabwana, Divisheni ya 76 ya askari wa miguu ya Uingereza haikuvuka bahari wala kupigana pambano hata moja, ndiyo maana wengi huipita juu juu. Nadhani wanaionea. Kazi yake ilikuwa kuwafungua wengine mikono.

Ilianza Desemba 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kama Divisheni ya Kaunti ya Norfolk, yaani ya mkoa ulio pwani ya mashariki ya Uingereza. Miezi sita kabla, jeshi lilikuwa limekimbia Ufaransa na kuacha huko mizinga na magari yake, na Wajerumani walitazamiwa kufika wakati wowote. Divisheni zenye vifaa zilikuwa zimekwama ufukweni, zikichimba mahandaki badala ya kufanya mazoezi. Basi batalioni mpya, zilizojaa makuruta wa mwaka huo, zikakabidhiwa pwani. Divisheni kamili ilikuwa na watu zaidi ya 17,000 na mizinga 72 ya uwanjani. Ya kaunti ilikuwa na watu kama 10,000 na upungufu mkubwa wa mizinga na magari. Adui akishuka mbele yako, unapigana. Akishuka kilomita ishirini kando, huna cha kumfuatia.

Kinga yao ilikuwa seng'enge, mabomu ya kutegwa na vibanda vya zege. Kile cha aina ya 22 kina pande sita: tano zina matundu ya kufyatulia risasi, wa sita una mlango. Ukuta wake wa kawaida, unene wa sentimita 30 hivi, huzuia risasi. Kombora la mzinga ni habari nyingine.

Mabomu ndiyo yaliyoleta balaa la kudumu. Majabali ya Norfolk ni mchanga na udongo laini, nayo bahari huyala kila mwaka. Pale Trimingham majabali yaliporomoka juu ya mabomu yaliyotegwa chini yake, ramani ya mtegaji ikawa haina maana tena. Baada ya vita wasafishaji walilazimika kuubomoa udongo kwa maji ya shinikizo kubwa, na kazi ikaingia miaka ya 1960.

Hitler alipoivamia Urusi Juni 1941, hofu ya uvamizi ilipungua. Divisheni kadhaa za kaunti zilivunjwa. Hii ya Norfolk, mnamo Novemba, ikapandishwa kuwa ya 76. Nembo yake ilikuwa jahazi la Norfolk.

Desemba 1942 ikageuzwa divisheni ya akiba, yaani ya kumalizia mafunzo ya makuruta, na hapa ndipo ilipozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu. Kuruta alianza na wiki sita za mafunzo ya msingi, kisha kumi za askari wa miguu. Ndipo alipokuja hapa kwa wiki tano: kwanza mazoezi ya kikundi kidogo kabisa, seksheni, halafu kikubwa zaidi, platuni, halafu kombania, na mwisho zoezi la siku tatu. Akitoka hapo alikuwa tayari kupelekwa ng'ambo kujaza pengo la aliyeuawa au kujeruhiwa.

Septemba 1944 ilivunjwa, na kazi hiyo ikachukuliwa na Divisheni ya 47.