Kinga Iko Mikononi mwa Mtunza Mgonjwa

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na wahudumu wa VHT (timu za afya za vijiji), Arua

Walimu wetu, masista wakuu wa wodi, wanafunzi, na ndugu zangu wa VHT mliopanda boda tangu alfajiri, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kukuza afya na kuzuia magonjwa ndani ya uuguzi wa msingi. Nadharia mnayo: kinga ya kwanza huzuia ugonjwa usiingie, ya pili huugundua mapema, ya tatu humwepusha aliyekwisha ugua na madhara zaidi. Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi na Mkataba wa Ottawa wa 1986 kuhusu kukuza afya mtayakuta kwenye mtihani, nayaacha huko. Mimi nauliza ni nani hasa anayeifanya kazi hii katika wodi zetu za Uganda.

Ingia wodi ya watu wazima, iwe ya hospitali ya rufaa au ya kituo cha afya cha ngazi ya nne. Anayemwogesha mgonjwa ni binti yake. Anayemlisha ni mkewe. Anayemgeuza, anayemwaga mkojo, anayefua shuka na kuzianika kwenye nyasi kule nyuma, ni ndugu aliyelala mkekani chini ya kitanda. Muuguzi wa zamu ana dawa za kugawa, dripu za kufunga na wagonjwa wengi kupita uwezo wake. Kwa hiyo asipojua mtunza mgonjwa, kinga haipo, hata kuta zijae mabango.

Asubuhi kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje tunatoa somo la afya. Muuguzi anasema dakika kumi kuhusu malaria, watu wanaitikia "ndiyo, musawo", yaani daktari, na macho yao yote yako kwenye mlango wa daktari wasije wakapitwa na foleni. Silikatai somo lile. Nakataa tu kulihesabu kuwa kazi imekwisha. Binti hujifunza kumgeuza babake pale babake anapogeuzwa. Tena ukimaliza kumfundisha usimuulize "umeelewa?", maana hakuna mgeni wa hospitali atakayemjibu sista "hapana". Mwambie, kama ni bibi, "Haya, jaja, sasa nionyeshe wewe." Utaona palepale alichoshika na alichokosa.

Tuanze na kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za muuguzi: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi ya usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula (mpira mwembamba wa mshipani), baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mtunza mgonjwa mpe zake chache: kabla ya kushika chakula na kulisha, baada ya choo au kumwaga mkojo, na kabla ya kumsaidia mgonjwa wa kitanda kingine. Hiyo ya mwisho husahaulika kwa sababu inatokana na wema. Mama anamwona jirani asiye na ndugu, anamnyanyua, anamnywesha maji, kisha anarudi kwa mwanawe na mikono ileile. Usimkataze wema wake, mpe sabuni.

Kunawa kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Kupaka dawa ya alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, na dawa iachwe ikauke yenyewe. Ukijifuta kwenye aproni umeiondoa kabla haijaua kitu. Panaporukwa ni palepale siku zote: kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Mikono yenye uchafu unaoonekana, na mikono iliyomhudumia mgonjwa wa kuhara, inataka sabuni na maji, alkoholi haitoshi. Na maji yawe ya kutiririka. Beseni moja la wodi nzima humnawisha mtu wa kumi uchafu wa tisa waliomtangulia. Pasipo na bomba, jerikani ya lita 5 iliyotobolewa kwa msumari wa moto, ikaning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba ya kukanyaga, inafanya kazi vizuri. Chini yake mwaga kokoto ili pasiwe tope.

Klorini nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanapokisia kwa macho. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa asilimia unayotaka, kisha toa moja: jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. JIK, dawa ya klorini ya dukani, ya asilimia 3.5 ukitaka 0.5: saba, toa moja, sita. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe sita vya maji. Dawa ya asilimia 5 itataka vikombe tisa. Changanya kila siku, andika tarehe na saa, funika, weka mbali na jua; baada ya saa 24 mwaga. Damu ikimwagika, vaa glavu, ifyonze kwa kitambaa, safisha kwa sabuni, ndipo umwage klorini ya 0.5 na kuiacha dakika 10. Ukiimwaga moja kwa moja juu ya damu, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijavifikia vijidudu. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mvuke unaotoka huumiza mapafu. Na hiyo ya 0.5 ni ya sakafu na vifaa. Mikono itachubuka, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maambukizi.

Nchi hii haina ruhusa ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000 iliwachukua wauguzi wa Hospitali ya Lacor, na tarehe 5 Desemba ikamchukua Dkt. Matthew Lukwiya aliyekuwa akiwaongoza. Mwaka 2022 ilikuwa Mubende. Januari 2025 ilitangazwa Kampala, na aliyefariki wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi.

Sasa nije kwenye vidonda vya kulalia, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko uuguzi wa msingi unakoonekana upo au haupo. Mgonjwa wa kiharusi anaingia akiwa na ngozi nzima. Wiki mbili baadaye ana shimo kwenye kitokono. Ugonjwa wa pili huo tumempa sisi. Mfupa unaubana mwili juu ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani, karibu na mfupa. Ukiona ngozi imepasuka, uharibifu wa chini una siku kadhaa. Mahali pa kuchunguza ni kitokono, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo na masikio.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, bonyeza kwa kidole, ukiona hapageuki kuwa peupe jua kidonda kimeanza. Vitabu hivyo viliandikwa mbele ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu ukingoja wekundu utachelewa. Mpeleke mgonjwa kwenye mwanga wa dirisha, tumia mgongo wa mkono wako, linganisha mahali hapo na ngozi ya jirani yake. Pana joto zaidi, au pamepoa? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Pamekuwa peusi zaidi, pana rangi ya zambarau, panang'aa? Mgonjwa anashtuka ukipagusa? Moja tu kati ya hayo linatosha: asilalie hapo tena mpaka papone.

Mgeuze kila baada ya saa mbili. Saa zetu za Kiswahili zinarahisisha: saa mbili, saa nne, saa sita, na kuendelea, usiku na mchana. Kushoto, mgongo, kulia, halafu unaanza upya. Andika kwenye kipande cha plasta, kibandike kichwani mwa kitanda, na mtunza mgonjwa apige alama kila anapogeuza. Akilala ubavu asilale wima kabisa, maana uzito wote utaangukia mfupa wa nyonga. Muinamishe kiasi cha nyuzi 30, mto au blanketi lililokunjwa likimwegemeza mgongoni, na kitambaa kati ya magoti. Visigino visiguse godoro: weka mto chini ya mashavu ya miguu, ule urefu wote, visigino vining'inie. Kumsogeza juu kitandani ni kazi ya watu wawili walioshika shuka pande mbili na kumnyanyua. Kumburuta kwa makwapa huchana ngozi ya chini.

Yapo mambo tunayoyafanya kwa nia njema nayo yanadhuru. Ndugu wanasokota kitenge kuwa ngata na kumkalishia mgonjwa juu yake, au kuweka ngata chini ya kisigino. Ngata inabana pande zote za duara na kuikata damu ya katikati. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino haisaidii. Kusugua mahali palipoanza kubadilika rangi kunachana mishipa midogo iliyobaki. Kupaka spiriti kunakausha ngozi. Aliyejikojolea aoshwe kwa maji na sabuni kidogo, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha apakwe vaselini nyembamba. Chakula nacho: posho (ugali) na chai havijengi nyama. Mpe maharage, mukene (dagaa), mayai, au karanga za kusaga kwenye mboga. Mukene ni rahisi kupatikana sokoni na ndugu wengi wanaumudu.

Tukiwa kwenye chakula, tusisahau nimonia. Anayelishwa akiwa chali hupaliwa, na uji unaoingia mapafuni huua kimyakimya. Inua kichwa cha kitanda au umwegemeze mgonjwa kwa mito, nyuzi 30 hadi 45 kwa anayelala muda wote, na wima kabisa wakati wa kula ikiwezekana. Mpe kijiko kidogo, hakikisha amemeza, ndipo kijiko kingine. Akikohoa au sauti ikawa na majimaji baada ya kumeza, acha na mwite mkubwa wako. Baada ya kula abaki ameinuka nusu saa. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni kwa mswaki laini au kitambaa safi chenye maji, hata kama mgonjwa hali kwa mdomo. Hasa kama hali kwa mdomo, kwa kuwa mate yaliyokauka yamejaa vijidudu.

Mpira wa mkojo niseme kwa ufupi. Mfuko uwe chini ya kibofu lakini usiguse sakafu. Humwagwa ukifika theluthi mbili. Usitenganishwe na mpira ili mgonjwa atembee. Na kila asubuhi jiulizeni kama bado unahitajika, kwa kuwa mingi inabaki kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wodi ya watoto ina mambo yake. Mama mwenye mtoto wa kuhara anapewa pakiti ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na kuambiwa "changanya na maji". Anachukua gilasi moja, anamwaga pakiti nzima. Chumvi ikizidi hivyo mtoto anazidi kukauka na anaweza kupata degedege. Mwonyeshe: pakiti moja, lita moja, yaani tumpeco (kikombe cha nusu lita) mbili zilizojaa, maji yaliyochemshwa na kupoa. Aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko baada ya kijiko. ORS iliyochanganywa ikipita saa 24, mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Kosa la kawaida ni mama kuacha zinki siku ya tatu kuhara kukikoma, wakati siku zilizobaki ndizo zinazompunguzia mtoto hatari ya kuhara tena miezi inayofuata. Maziwa ya mama hayasimamishwi.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ya kukuza afya, na ndiyo tunayoipita mbio. Fungua kadi ya mtoto. Surua na rubela ni miezi 9 na 18. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini Aprili 2025, ni miezi 6, 7, 8 na 18; ile ya nne iko mbali na wengi watasahau, kwa hiyo VHT wa kijiji aijue tarehe. Chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kisitiwe JIK, na kikauke kivulini kwani jua linaharibu dawa yake. Na yule aliyelala mkekani wiki nzima bila chandarua akimuuguza mtoto mwenye malaria? Muulize kama ana homa kabla hajapanda gari kwenda nyumbani.

Nyuma ya ukumbi kuna vitanda vitatu, mito, chupa ya JIK na vikombe vya kupimia. Gawanyikeni watatu watatu: mmoja awe mgonjwa, mmoja muuguzi, mmoja mtunza mgonjwa. Anayefundisha haruhusiwi kugusa kitu. Atumie maneno tu, kwa lugha anayoijua mwenzake, mpaka mgonjwa awe amegeuzwa sawasawa. Kundi la kwanza, karibuni.