Sumu Ikishaingia Ukutani

Wamama, wababa, na ninyi wanafunzi mliojificha huko nyuma, karibuni.

Hapa Goma hakuna asiyeijua klorini. Wakati wa Ebola, mwaka 2019, tulinawa kila mlangoni: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu. Ndiyo maana nikitaja silaha za kemikali, mtu huniuliza: mwalimu, si tumwage javeli tu, ile dawa ya klorini ya dukani? Javeli inasaidia, tena sana. Klorini huvunja gesi ya haradali, ile inayobabua ngozi, huvunja na VX, sumu ya neva iliyo nzito kama mafuta. Ila huvunja ile inayoigusa tu.

Taabu iko kwenye vitu vinavyokunywa. Kioo na bati havinywi. Ukiwahi kuviosha, kazi imekwisha. Mbao, sementi, rangi, mpira na godoro hunyonya, kisha jua likiwaka huirudisha sumu kidogo kidogo kwa mvuke. Sasa tazameni nyumba zetu: ubao juu, jiwe la volkano chini, matundu matupu. Kwa maoni yangu ubao uliokunywa VX hauoshwi. Unang'olewa, unafungwa, unateketezwa kwenye tanuru maalumu. Mwenye nyumba atalia, najua.

Sarini, nayo sumu ya neva, ina tabia nyingine: hukauka upesi, kwa hiyo mara nyingi chumba hupewa hewa na muda, kisha hupimwa.

Salisbury, Uingereza, Machi 2018, sumu ya neva iitwayo Novichok ilipakwa kwenye kitasa cha mlango wa Sergei Skripal, jasusi wa zamani wa Urusi. Kitasa kimoja! Kusafisha maeneo 12 kulichukua karibu mwaka mzima, na paa la nyumba ile likaezuliwa. Miezi minne baadaye, mwanamke aitwaye Dawn Sturgess alijipulizia Novichok iliyokuwa ndani ya chupa ya manukato akidhani ni manukato, alifariki Julai. Sumu iliyofungwa vizuri haichoki.

Mama wa mstari wa mbele anauliza maji ya kuoshea yanaelekea wapi. Asante, mama, wengi hulisahau hilo. Maji yale bado yana sumu, na sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya lava: maji hayatuami, yanazama kwenye nyufa, na Ziwa Kivu tunakoteka liko hapo chini. Basi kabla ya kufungua pampu, tandika turubai, inua kingo, elekeza maji kwenye mapipa. Kama mapipa hayajafika, usioshe. Ondoa watu, funga nyumba, weka walinzi upande upepo unakotoka, ungoje.